Namba ya Mtu Mpakani: Historia ya Kitambulisho na Uvujaji wa Taarifa Busia na Malaba

Uvujaji wa data ya kibinafsi, yaani kufika kwa jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa au alama za vidole za mtu mikononi mwa asiyestahili kuwa nazo, huzungumzwa nchini Kenya kana kwamba ulizaliwa pamoja na kompyuta. Katika miji ya Busia na Malaba, iliyoko kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, simulizi hiyo haitoshi, kwa kuwa wakazi wa huko walikuwa wakitoa namba zao kwa karani, askari, mwajiri na mwenye duka miongo mingi kabla ya mtambo wowote wa serikali kuunganishwa na intaneti. Historia ya vitambulisho mpakani, tangu kipande cha enzi ya ukoloni hadi mashambulizi ya mitandaoni ya miaka ya karibuni, inaonyesha kwamba udhaifu mkubwa wa namba ya mtu umetokana na mazoea ya kuitoa kwa kila anayeidai, mazoea yaliyojengwa na sheria yenyewe na ambayo kompyuta ziliyarithi tu.

Mpaka wenyewe si wa kale. Eneo lote la magharibi ya Kenya ya leo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza walipouhamishia mkoa huo katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 iliitwa Koloni la Kenya. Mstari uliotokana na uhamisho huo, ambao kwa sehemu unafuata mito ya Malaba na Sio, uliwatenga Wateso wa Amukura na ndugu zao wa Tororo, ukawatenga pia Wasamia wa Funyula na Wasamia wa ng'ambo, watu waliokuwa na lugha moja, masoko yale yale na jamaa wa kuoleana pande zote mbili. Reli iliyovuka Malaba kuelekea Tororo, na ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, ilikifanya kituo cha Malaba kuwa lango la mizigo, hali Busia, ulioko kusini yake, ulikua kuwa lango la waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi.

Hati ya kwanza iliyomfuata mwanamume wa Kiafrika wa upande wa Kenya kila alikokwenda ilikuwa kipande. Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, utekelezaji wake ukacheleweshwa na Vita Vikuu vya Kwanza, na kuelekea mwaka 1920 ikaanza kuwalazimisha wanaume wa Kiafrika waliotimiza umri wa miaka 16 kusajiliwa, kuchukuliwa alama za vidole na kubeba cheti kilichotaja jina, kabila, mahali pa asili, tarehe za kuajiriwa na kuachishwa kazi, mshahara, na sahihi ya mwajiri. Cheti hicho kilitiwa katika kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba, na aliyekutwa bila hicho aliweza kutozwa faini au kufungwa. Kumbukumbu za usajili na alama za vidole ziliwekwa Nairobi, na kwa njia hiyo mfanyakazi aliyetoroka shamba la mlowezi aliweza kutambuliwa hata kama alikuwa amebadilisha jina.

Yafaa kukaa kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha yote yaliyofuata. Kipande kilitungwa ili kisomwe na mtu mwingine, si na mwenye kukibeba, ambaye mara nyingi hakujua kusoma na hakuwa na haki ya kukisahihisha. Mwajiri mpya aliyekifungua aliona mshahara wa zamani wa mwombaji, na hivyo hakuona haja ya kumlipa zaidi. Polisi aliyekidai njiani aliona kama mtu huyo ameachishwa kazi kihalali au la. Taarifa za mtu zilimdhuru kwa sababu tu ziliwekwa wazi mbele ya mwenye nguvu zaidi yake. Ndiyo maana kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya mwanaharakati Harry Thuku na wenzake katika miaka ya 1921 na 1922, na kukamatwa kwake mwezi Machi 1922 kulisababisha maandamano ya Nairobi ambamo polisi waliwaua watu kwa risasi.

Ng'ambo ya mpaka hapakuwa na mfumo wa namna hiyo. Mwanamume wa Uganda alijitambulisha kwa stakabadhi ya kodi, ambayo ilithibitisha kwamba amelipa bila kusimulia maisha yake yote ya kazi, na desturi hiyo ya kumtambua mtu kwa tiketi ya kodi iliendelea hadi kodi ya kichwa ya viwango ilipofutwa mwaka 2005. Kwa hiyo ndugu wawili wa ukoo mmoja wa Kisamia au wa Kiteso, mmoja akikaa mashariki ya mstari na mwingine magharibi, walijulikana na serikali kwa kina tofauti kabisa. Utofauti huo ulidumu karibu karne nzima, na ndio unaoeleza kwa nini upande wa Kenya namba ya kitambulisho ilizoeleka mapema mno kuwa sharti la kila shughuli.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Usajili wa Watu iliyokusudiwa kuwahusu watu wa rangi zote, ikitaka kila mmoja atoe alama za vidole. Walowezi wa Kizungu walipinga kwa nguvu, wakiona kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa kama mhalifu, hata serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Sir Bertrand Glancy, na hatimaye wenye elimu fulani wakaruhusiwa kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Hoja ya walowezi ilikuwa ya haki: mwili wa mtu usigeuzwe rekodi bila sababu ya kutosha. Dhuluma ilikuwa kwamba hoja hiyo hiyo ilipotolewa na Waafrika tangu miaka ya 1920 haikusikilizwa, na mkulima wa Butula au Nambale, asiyejua Kiingereza wala kuwa na picha, aliendelea kuchovya vidole katika wino.

Baada ya uhuru sheria hiyo ilibaki, ikarithiwa karibu na umbo lake lote, na hadi mwisho wa miaka ya 1970 iliwahusu wanaume peke yao. Wanawake waliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1978, jambo lenye uzito wa pekee mpakani, kwa kuwa biashara ndogo ya nafaka, samaki, ndizi na nguo kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wanawake, ambao hadi wakati huo walivuka wakijulikana kwa sura na kwa jina la mume au baba. Walipoanza kupewa vitambulisho, mpaka ulikuwa umekwisha kuwa mahali pa hofu. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Magendo ya kahawa yakashamiri katika miaka hiyo hiyo. Na Desemba 1987, utawala mwingine ukiwa Kampala, majeshi ya nchi hizi mbili yakafyatuliana risasi pale pale Busia na mpaka ukafungwa. Katika mazingira hayo kitambulisho kilikuwa ushahidi wa uraia unaoweza kudaiwa na askari yeyote, saa yoyote, na mkazi wa mpakani aliyekataa kukitoa alionekana kuwa na jambo la kuficha.

Kadi ya Kenya ya kizazi cha pili, iliyoanza kutolewa mwaka 1995, ilibeba zaidi ya namba. Mbele ilionyesha majina, jinsia, tarehe na wilaya ya kuzaliwa. Nyuma ilionyesha wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo ya mwenyewe. Kwa msomaji wa mbali maneno hayo ni anwani tu, lakini kwa mtu wa Kaunti ya Busia lokesheni ndogo humwambia ukoo, lugha na mara nyingi hata mwelekeo wa kisiasa wa mtu. Kuipata kadi yenyewe kulihitaji kufichua mengine zaidi, kwani waombaji wa kaunti za mpakani walipitishwa katika uhakiki wa ziada mbele ya machifu, wazee na maafisa wa usalama, ambapo kijana aliulizwa majina ya babu zake na mzee wa kijiji, anayeitwa liguru katika sehemu nyingi za magharibi, akatoa ushahidi juu ya familia. Uhakiki huo ulilalamikiwa kwa miaka mingi kuwa ni ubaguzi, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza huko Wajir kuuondoa. Hata hivyo, habari za nasaba zilizokuwa zimekusanywa katika vikao hivyo hazikuondoka kwa tangazo.

Kilichoigeuza namba ya kitambulisho kuwa bidhaa ni simu. Huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kila wakala aliwekewa daftari la miamala, kitabu chenye safu za tarehe, jina la mteja, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi cha fedha na sahihi. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa daftari lilikusudiwa kuzuia wizi na kutatua ugomvi. Lakini lilikaa wazi juu ya meza ya kibanda, na mteja wa kumi na moja alipokuwa akitia sahihi aliwaona wote kumi waliomtangulia, pamoja na fedha walizotoa. Katika mji kama Malaba, ambako madereva wa malori, matingo, wabadilishaji fedha na mawakala wa forodha hutoa na kuweka fedha kutwa kucha, ukurasa mmoja ulikuwa na taarifa za watu wa mataifa matatu au manne. Kitabu kilipojaa hakuna aliyemwambia mteja kimekwenda wapi. Ni vigumu kuutaja mtambo wowote wa kompyuta uliowahi kuanika taarifa za watu wa kawaida kwa ukawaida kama madaftari hayo, na kwa kuwa hayakudukuliwa na mtu yeyote, hayakuhesabiwa kamwe kuwa uvujaji. Daftari la aina hiyo hiyo, likiwa na safu ya namba ya kitambulisho, lilienea pia katika milango ya ofisi, nyumba za wageni na maghala.

Matokeo yake yalionekana nchini kote Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha raia kuangalia kwenye mtandao kama wamesajiliwa kuwa wanachama wa chama chochote. Wakenya wengi waligundua kuwa ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kuvisikia, huku majina na namba zao zikiwa sahihi. Chanzo cha mahitaji ya orodha za namna hiyo kinajulikana: sheria ya mwaka 2011 inakitaka chama kinachotafuta usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote, na kwa mwanasiasa mwenye haraka, orodha ya majina na namba zilizokwisha kuandikwa ni rahisi kuliko kuzunguka vijijini. Ofisi ya Kamishna wa Data, iliyokuwa na umri wa miezi michache tu, ilipokea malalamiko, lakini majina na namba hizo zilikuwa zimekwisha kutumika.

Miezi miwili kabla ya hapo, Aprili 2021, wapelelezi wa jinai walitangaza kumkamata mshukiwa wa wizi wa kubadili laini, ambaye walisema alikuwa na taarifa za wapiga kura 61,617 wa kaunti moja ya magharibi ya Kenya. Wizi wa kubadili laini ni ule ambao mhalifu, akiwa na jina kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, huishawishi kampuni ya simu impe laini mpya yenye namba ya mtu huyo, kisha akaingia katika akaunti yake ya fedha. Tume ya Uchaguzi ilikanusha kwamba mtambo wake umevamiwa, na kukanusha huko, hata kukikubaliwa kote, hakuwapi wapiga kura faraja, kwa sababu rejista ya wapiga kura ni hati ambayo sheria inataka ikaguliwe na umma. Taarifa zilizokusudiwa kulinda kura zilitosha kumfilisi mwenye kura.

Mpakani tatizo hili lilipata upande wa pili, kwa kuwa namba zilianza kuvuka pamoja na wenyewe. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wasafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti, na mwaka huo huo Uganda ikaanza usajili wa jumla wa raia wake, kazi ambayo sheria ya mwaka 2015 iliikabidhi Mamlaka ya Kitaifa ya Vitambulisho na Usajili, iitwayo NIRA. Namba ya Uganda, ijulikanayo kama NIN, ina herufi na tarakimu 14, na huanza kwa herufi zinazoonyesha uraia na jinsia, zikifuatwa na tarakimu za mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo anayeiona anajua kitu juu ya mtu kabla hata ya kumuuliza jina. Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani huko Busia, ambamo maafisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja na msafiri hukaguliwa mara moja upande anakoingia. Foleni zilipungua sana, na mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akipita njia za panya alipata sababu ya kupita mlango halali. Lakini tangu hapo namba ya Mkenya anayekwenda kununua mahindi ng'ambo huandikwa katika rekodi za serikali ambayo hakuichagua, na namba ya Mganda vivyo hivyo.

Laini za simu zilizidisha hali hiyo. Aprili 2017 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliagiza kila laini ihakikiwe kwa NIN, wakati Kenya nayo ilikuwa imekwisha kufanya kitambulisho kuwa sharti la kusajili laini. Mfanyabiashara wa Busia huhitaji laini za nchi zote mbili, kwa sababu wateja wake hulipa kwa M-Pesa upande mmoja na kwa MTN au Airtel upande wa pili, na asiyekuwa na namba ya upande wa pili hujaribiwa kumwomba jamaa au rafiki amsajilie kwa namba yake. Hapo ndugu aliyetoa NIN kwa wema huwa amejifunga na kila mwamala na kila kosa litakalofanywa kwa laini hiyo.

Janga la Korona lilionyesha jinsi taarifa za kundi moja dogo zinavyoweza kuwa mzigo kwa wote. Kuanzia Aprili 2020 madereva wa malori walipimwa Malaba na Busia, foleni zikanyooka kwa makumi ya kilomita upande wa Kenya, na taarifa za kila siku za Wizara ya Afya ya Uganda zikataja uraia wa madereva waliokutwa na maambukizi na mpaka walioingilia. Baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva, ambao kupitia simu uliunganisha cheti cha kipimo na mahali dereva alipo. Dharura ilikuwa ya kweli na vifo vilikuwa vya kweli. Hata hivyo dereva alitakiwa kukabidhi kwa pamoja utambulisho wake, hali ya afya yake na mwendo wake wa kila saa, taarifa tatu ambazo kila moja peke yake ingestahili ulinzi mkali.

Mahakama ndizo zilizofanya kazi kubwa ya kuweka mipaka. Usajili wa Huduma Namba, namba moja ya kumtambulisha mtu katika huduma za serikali ya Kenya, uliozinduliwa Aprili 2019 na ambao ulifikia takriban watu milioni 37, ulipingwa na shirika la Nubian Rights Forum na wenzake, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali halisi pa makazi kwa njia ya setilaiti. Sheria ya Kulinda Data ilikuwa imepitishwa Novemba 2019, kwa sehemu kutokana na shinikizo la kesi hiyo, na Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akatamka kwamba kutolewa kwa kadi za Huduma bila tathmini ya athari kwa data ya kibinafsi kulikuwa kinyume cha sheria. Maisha Namba, iliyochukua nafasi yake mwaka 2023, nayo ilisimamishwa na kuruhusiwa tena mahakamani. Inasikitisha kwamba mara mbili mfululizo serikali ilikusanya kwanza na kuulizwa maswali ya ulinzi baadaye.

Mashambulizi ya mitandaoni yenyewe yamekuwa ya aina mbili, na ni muhimu kutoyachanganya. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen, linalotoa huduma za serikali ya Kenya mtandaoni, lilizidiwa kwa maombi ya uongo mengi hata huduma zikakwama, na serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Shambulizi la namna hiyo hufunga mlango bila lazima ya kuiba kilicho ndani. Mwishoni mwa Januari 2025, kwa upande mwingine, Huduma ya Usajili wa Biashara ilithibitisha kwamba mfumo wake uliingiliwa, na humo ndimo zilimo taarifa za wakurugenzi wa kampuni za Kenya, zikiwemo zile za uwakala wa forodha na uchukuzi ambazo ndizo uti wa uchumi wa Malaba.

Nchi zote mbili sasa zina sheria ya kulinda data, ya Uganda ikiwa imeanza mwaka huo huo wa 2019, lakini kila moja inasimama kwenye mstari wa 1902, wakati namba za watu hazisimami kwenye mstari huo tena. Wasimamizi wa ulinzi wa data wa Nairobi na Kampala wanapaswa kukubaliana ni nani anayewajibika namba inapovuja baada ya kuandikwa katika kituo cha pamoja, na kukubaliana huko kusisubiri uvujaji mkubwa wa kwanza. Madaftari ya mezani nayo yanastahili kukaguliwa kwa ukali ule ule wa mitambo. Kwa upande wa Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa habari zake bila ya lazima. Sheria ya Kulinda Data inampa haki ya kuuliza namba yake inatakiwa kwa kazi gani na kudai ifutwe isipohitajika tena. Na mwenye malalamiko anaweza kuyatoa kwa Kamishna wa Data kwa maandishi au kwa mdomo, naye Kamishna hutakiwa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90.